Ndama Walilala Wapi

Watu wa Ijuganyondo wakitaka kujua mwaka umefika wapi, wengine huitazama mibuni na wengine humtazama Edvina Kokuberwa. Ukimwona juu ya ngazi, kilemba kimejaa madoa ya rangi, ujue ni kiangazi: kuta zimekauka, na wenye maduka na saluni mjini Bukoba wanataka majina yao yaonekane kutoka ng'ambo ya barabara. Mvua zikirudi hushuka ngazi, akakaa barazani kwake na vipande vya lubugo, ile nguo ya gome la mti, akichora korongo na migomba. Na senene, wale panzi wa kuliwa, wanapoanza kuruka, mwezi wa kumi na moja, anakuwa na kazi moja tu: pango la Noeli.

Pango lenyewe halikuwa la kanisa lake. Edvina ni Mlutheri, binti wa mwinjilisti, na pango lilikuwa la parokia moja ya Wakatoliki huko juu Nshamba. Fundi wao alihamia Mwanza, padri akaulizauliza, akaelekezwa kwake. Mwaka wa kwanza watu walitania sana. Akisalimiwa "Tumsifu Yesu Kristo" na kuitikia "Amina" badala ya "Milele na milele," akina mama wa usafi walishikana mabega kwa kicheko. Mwaka wa pili walimzoea. Tangu hapo alikuwa anapanda Nshamba kila Majilio, anakusanya mifuko mitupu ya saruji, anaifinyangafinyanga, anaipaka kijivu na nyeusi mpaka inakuwa miamba. Juu yake alitandaza pamba iwe theluji, ingawa hakuna mtu pale aliyewahi kuiona theluji isipokuwa kwenye kadi.

Mwaka huu ninaousimulia, mambo yaliharibika mapema, kiangazi kikiwa bado kikali. Mwenye mgahawa mmoja karibu na ziwa alimpa ukuta mzima achore mushonge, nyumba ya asili ya Wahaya, ile ya duara iliyoezekwa nyasi kuanzia kileleni hadi chini kabisa. Edvina aliichora kutoka kwenye picha ya zamani. Nyasi alizichora unyasi kwa unyasi. Alipomaliza akarudi nyuma hatua chache kuitazama, na mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai akaitazama pamoja naye.

"Umeipatia," mzee alisema. "Imekaa kama yenyewe."

"Ahsante, waitu," Edvina alijibu kwa Kihaya cha heshima.

"Na ndani?"

"Ndani kufanyaje?"

"Ndani kukoje?" Mzee alikuwa anauliza tu, bila hila. "Mimi nilikuta zimeshabomolewa. Nilidhani wewe mchoraji unajua."

Edvina hakujua. Mlango mweusi aliouchora ukabaki unamtazama. Tangu utotoni alikuwa mtu wa maswali. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu atakuja kuhoji hata jiwe. Swali likimwingia, halali vizuri mpaka litoke. Na hili lilimwingia hasa.

Akaanza kuulizia. Jirani yake akamwambia ndani kulikuwa na giza. Shangazi yake akasema kulikuwa na moshi. Fundi mwashi akasema kulikuwa na nguzo nyingi. Aliambiwa pia kuna mushonge uliojengwa upya kwa ajili ya watalii, akapanda bodaboda mpaka huko, akainama mlangoni, akaingia. Ndani alikuta viti vya plastiki, friji ya soda na kalenda. Akanunua soda, akanywa amesimama, akarudi nyumbani.

Novemba ikaingia, na Annastella akampigia simu. Annastella alikuwa mtangazaji wa redio moja ya pale mjini, mwenye kipindi cha Jumamosi asubuhi. Kila msimu humwita msanii mmoja na kumuuliza mambo mawili: unafanya kazi gani sasa hivi, na wasikilizaji wasikose kwenda kuona nini.

"Karibu sana, dada Edvina," Annastella alisema vipaza sauti vilipofunguliwa. "Wanetu wanaanza kurudi kutoka Dar es Salaam kula Krismasi. Tuwapeleke wapi?"

Edvina alikuwa amejiandaa. Akawaambia waende Kagoma jioni wakaone mitego ya senene: taa kali zinawashwa, mabati yanasimamishwa kuzizunguka, na senene wanateleza kwenye mapipa kama mvua ya mawe. "Wengine wanakwenda kununua tu. Nendeni mkatazame. Ule mwanga ukipita kwenye mabawa yao, kuna kijani pale ambacho mimi nimekitafuta kwenye rangi miaka yote sijakipata." Akawaambia siku ya pili ya Krismasi vijana wa Muleba watacheza omutoro, ngoma ya mikuki iliyochezwa mbele ya wafalme, na waliozoea kuangalia kwenye simu waende wakasikie ardhi inavyotikisika. Akamtaja Mzee Kahangwa wa Nshamba, anayepiga enanga, kile kinanda cha nyuzi kinacholazwa mapajani. "Hapendi jukwaa. Anapiga uani kwake Jumapili baada ya misa. Usipeleke spika, peleka masikio. Na ukimkuta anasimulia, usimkatize kumwomba wimbo mfupi. Hana wimbo mfupi."

Annastella akacheka. "Na wewe mwenyewe? Pango linaendeleaje?"

"Sijaanza."

"Hujaanza? Mwezi huu?"

"Kila nikishika mfuko wa saruji, mkono unakataa," Edvina alisema. Hakuwa amepanga kulisema hilo, lilimtoka. "Nimechora mushonge ukutani, na sijui ndani yake kukoje. Nimeuliza, naambiwa giza, naambiwa moshi. Kama kuna mtu anayenisikia, aliyezaliwa ndani ya mushonge na anaukumbuka, mimi namtafuta."

Simu zilikuja nyingi. Nyingi zilikuwa za watu waliosikia kwa watu. Moja ilikuwa ya mwanamume aliyejitambulisha kuwa Byabato, mkulima wa Kagoma. "Mama yangu alizaliwa humo," alisema. "Lakini siahidi kitu. Sisi wanawe hajawahi kutusimulia. Ukimuuliza, anakutuma kuni."

Edvina alikwenda Kagoma wiki ileile. Kibanja chao kilikuwa na kivuli kizuri, migomba imebeba, mibuni chini yake imepaliwa. Ma Magdalena, mama yake Byabato, bibi wa miaka themanini na kitu, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia, alikuwa ameketi kwenye mkeka na ungo wa senene mapajani, akiwanyonyoa mabawa na miguu. Edvina akapiga goti.

"Kasinge, waitu."

"Kasinge, mwanangu. Keti. Vidole unavyo?"

Akasukumiwa sehemu ya senene. Byabato alileta kikapu kidogo cha akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa ambazo mgeni hutafunishwa kabla ya neno lolote zito, kisha akaenda zake shambani. Wakanyonyoa. Bibi akamsimulia jinsi zamani wanawake walivyokatazwa kula senene: "Tuliwakamata sisi, tukawapika sisi, wakala wanaume. Nilikula wa kwanza nimeshakuwa na wajukuu. Nikasema, kumbe!" Wakacheka. Edvina alipoona kicheko kimekolea, akaliingiza swali lake.

"Ma Magdalena, nyumba mliyozaliwa, ndani ilikuwaje?"

Mikono ya bibi ikasimama. "Byabato!" aliita. "Kuni zimekwisha!"

Byabato hakuitikia. Edvina hakurudia swali. Akaendelea kunyonyoa, akasema, kana kwamba anajisemea, kwamba yeye ndiye anayetengeneza pango kule Nshamba, na amechoka na mifuko ya saruji.

"Wewe ndiye Mlutheri wa pango?" Bibi akamgeukia. "Nimeliona pango lako. Mwaka juzi wajukuu walinipeleka. Lina baridi."

"Baridi?"

"Mawe matupu. Mtoto mchanga unamweka kwenye mawe?" Akatikisa kichwa. Kisha akaanza kusema bila kuulizwa, macho yake kwenye ungo. Alipokuwa binti mdogo alipelekwa shule ya misheni, na wasichana waliotoka kwenye nyumba za bati walikataa kukaa naye dawati moja. Walisema ananuka ndama. "Na kweli nilinuka ndama. Nilikuwa nalala nao. Nikaenda mtoni, nikajisugua kwa majani mpaka ngozi ikachubuka. Tangu siku ile sikusema tena nimezaliwa wapi. Nilipoolewa kwenye nyumba ya bati, nilimshukuru Mungu."

"Mlilala na ndama?"

Bibi akamtazama kuona kama anachekwa. Hakuona hivyo. Aliona mwanamke mzima aliyesogea mbele mpaka magoti yanakaribia kuangusha ungo.

"Ngoja," alisema.

Akauweka ungo kando. Akasafisha udongo kwa kiganja, akavunja maganda ya mgomba vipande vipande, akachora duara na kuvipanga ndani yake. Huu mlango. Ukiingia, hapa wageni wanakaa, nyasi mpya chini, na ole wako ukizikanyaga na miguu ya matope. Hapa moto, na haukuzimwa. Huku wanalala baba na mama, nyuma ya ukuta wa matete. Huku watoto. Na huku, upande huu wote, ng'ombe.

"Ndani kabisa?"

"Ulitaka walale wapi, nje na chui? Ng'ombe ni wa ndani. Wakubwa kule, ndama huku karibu na watu, kwa sababu ndama ni mtoto naye. Usiku unawasikia wanapumua. Ukiamka na ndoto mbaya, unanyoosha mkono, unamkuta mmoja."

Edvina alikuwa anachora haraka kwenye kipande cha lubugo alichokuja nacho. "Na mama akijifungua, alijifungulia wapi?"

Bibi akanyoosha kidole bila kufikiri. Kidole kikatua kati ya moto na ndama.

"Hapa. Panakuwa na joto. Mimi nilizaliwa hapa."

Edvina aliacha kuchora. Bibi akaendelea kukitazama kidole chake pale kilipo, kisha akaanza kutikisika mabega, na Edvina akadhani analia, kumbe anacheka.

"Unajua, katekista alipotusomea habari za Betlehemu, tulikuwa hatushangai hata kidogo? Alisimama pale akitaka tuhuzunike, eti amezaliwa penye wanyama. Sisi tukatazamana. Mimi nilifikiri, hawa walikuwa watu wenye heshima zao, wana ng'ombe! Kuhuzunika nilijifunza baadaye, shuleni."

Edvina alirudi Bukoba na lubugo lake limejaa mistari, na usiku huo mume wake alimkuta amepanga viazi sakafuni kwa duara, akihamisha ng'ombe.

Pale parokiani, aliyekuwa na kauli juu ya pango alikuwa Rutashobya, mwenyekiti wa kamati ya liturujia, karani mstaafu wa chama cha kahawa, mtu safi na mwenye kuogopa mambo mapya. Edvina alipomweleza, alikunja uso polepole.

"Mushonge," alisema. "Pango la Bwana liwe mushonge."

"Ndiyo, tata," alijibu, akimwita baba kwa Kihaya.

"Dada Edvina, maandiko yanasema hori."

"Na hori litakuwapo. Ndani."

"Na yale ya mizimu je? Mimi si mtoto. Kila mushonge ulikuwa na mahali pa kutambikia. Watu watakuja na kuuliza mahali pale pako wapi. Nawe ni Mlutheri, utanijibia nini?"

Hilo Edvina hakuwa amelifikiria, na hakulidharau. Swali lilikuwa la haki. Akampigia simu Byabato, akaomba azungumze na mama yake, akamuuliza moja kwa moja. Ma Magdalena hakuzunguka. Ndiyo, mahali hapo palikuwapo, mkabala na mlango. Baba yake aliweka pombe kidogo ya rubisi pale, na baba yake huyohuyo alikufa ameshika rozari. "Usipafiche, maana utakuwa unasema uongo," bibi alisema. "Wala usipapambe. Tandika nyasi mpya, basi."

Edvina akayapeleka maneno hayo kama yalivyo kwa Padri Onesphory, paroko, kijana kiasi aliyekulia Karagwe. Padri aliyasikiliza, akamwomba ayarudie. Kisha akamwita Rutashobya, na wote watatu wakasimama kanisani mbele ya kona ya pango ikiwa bado tupu.

"Mzee wangu," padri alimwambia Rutashobya, "bibi yako alizaliwa wapi?"

Rutashobya akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hatukuwahi kuulizana," alisema. Hakusema amekubali. Lakini kesho yake alikuja na trekta dogo la jirani, tela limejaa nyasi kutoka rweya, ile mbuga ya nyasi nje ya vijiji, na alizichagua vizuri, ndefu, zisizo na mbegu. Akaonyesha mahali pa kuzipakua, akaondoka bila kuaga.

Majilio yote Edvina alijenga. Alijua rangi, kuezeka hakujua. Nyasi zake za kwanza ziliporomoka zote kwa mpigo, na akina mama wa usafi wakamfundisha kufunga mafungu kwa kamba za mgomba, kuanzia chini kwenda juu. Akaukata ubavu mmoja wazi ili watu waone ndani. Ng'ombe wa plasta waliokuwa wamesimama nje ya pango miaka yote aliwaingiza. Walikuwa weupe wenye mabaka, wa Ulaya, akawapaka rangi upya, akawaongezea pembe ndefu kama za ng'ombe wa Ankole kwa waya na udongo. Mama Maria alimketisha kati ya moto na ndama. Moto ulikuwa taa ndogo nyekundu chini ya majivu. Mahali pale mkabala na mlango alitandika nyasi mpya, akapaacha patupu.

Asubuhi ya Krismasi alihudhuria ibada kwa Walutheri wenzake Bukoba, kisha akapanda Nshamba. Alifika misa imekwisha lakini watu hawajaondoka. Walikuwa wamejaa kwenye kona, na kelele zilizotoka pale hazikuwa za sala. Akajipenyeza.

Wazee wanne walikuwa wamechuchumaa mbele ya pango wakibishana.

"Ndama hawakukaa kushoto! Kwetu Kamachumu walikuwa kulia!"

"Kulia kwa anayeingia au kulia kwa anayetoka?"

"Na kitanda kiko wapi? Huyu mama atalala chini?"

"Amejifungua, bwana! Mwenye kujifungua alilala kwenye nyasi, mimi nimeona kwa mama yangu!"

Kila mmoja aliposema hivyo, vijana nyuma yake walimtazama, kwa maana hawakuwa wamewahi kumsikia akisema habari za mama yake. Msichana mmoja aliyekuja kutoka Dar es Salaam alimshika babu yake mkono: "Babu, kwani na wewe ulilala na ng'ombe?" Babu akajibu, kwa sauti kuliko alivyokusudia, "Tulikuwa nao sita!" Rutashobya alikuwa amesimama pembeni akijifanya anapanga vitabu vya nyimbo, na masikio yake yote yako pale.

Ndipo Byabato akaingia akimshika mama yake mkono. Watu wakapisha. Ma Magdalena alikuwa na kitenge kipya na lubugo dogo alilopewa na Edvina mabegani. Akainama mbele ya ule ubavu uliofunguliwa, akatazama kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akamsogeza ndama mmoja kidogo, pua yake ikawa karibu na mtoto. Wazee wakangoja hukumu.

"Hapa," alisema.

"Na mengine, Ma Magdalena?" Edvina alimuuliza. "Nimekosea wapi?"

"Pasafi mno. Hapana moshi." Kisha akashika mkono wa Edvina, mkono wenye rangi iliyokwama kwenye kucha, akaubana. Akawageukia wazee. "Nani amesema ndama walikuwa kulia?"

"Mimi," alisema yule wa Kamachumu.

"Kulia kwenu labda. Ninyi mlijenga mlango ukitazama wapi?"

"Ukitazama ziwa, kwa sababu ya upepo."

"Ahaa!" Bibi akachuchumaa, na watu wazima wakamsaidia kuketi sakafuni. "Sisi ulitazama kibanja."

Edvina alisikia hayo, akasogea karibu. Kumbe nyumba hazikuwa sawa. Kumbe kulikuwa na mishonge iliyotazama ziwa na iliyotazama migomba, na labda mingine iliyotazama kitu ambacho bado hajakisikia. Akatafuta kitu cha kuandikia, hakukipata. Akina mama wakaleta uji na viti, padri akaja akasimama nyuma amekunja mikono, na Edvina akaketi chini katikati ya wazee, miguu ameikunja chini ya gauni la Krismasi.

"Tata," akamwambia yule wa Kamachumu, "upepo ukitoka ziwani, moshi mliutoa wapi?"